Nimeambiwa Niwaruke Wale Walioona Shaka

Mshauri wangu mpendwa wa gazetini,

Hili ninalokuandikia sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, si hata Mungu mwenyewe kwa sauti, ingawa mama husema Yeye anajua neno kabla ulimi haujajikunja, na naomba unisaidie na univumilie kwa sentensi zangu ndefu kwa sababu mwalimu amenikanya mara nyingi niweke nukta lakini leo nikiweka nukta naogopa sitaendelea tena. Ni hivi. Pasaka hii mimi ndiye nitakayesoma habari ya ufufuo mbele ya kanisa zima, na mimi sina hakika kama naiamini.

Basi nimeiandika.

Acha nikueleze vizuri usije ukanidhania mtoto mtukutu. Kanisani kwetu kuna desturi ambayo sijui kama kwingine ipo, kwamba masomo ya asubuhi ya Pasaka hayasomwi na mchungaji wala na mtu mwenye sauti nzuri, yanasomwa na watu waliozika tangu Pasaka iliyopita, na lile la mwisho, la mlimani, pale wanafunzi kumi na mmoja wanapokwenda kukutana na Bwana baada ya kufufuka, hupewa nyumba iliyofiwa na baba au mama. Mwaka huu nyumba hiyo ni yetu. Baba alikuwa dereva wa gari la kusambaza mikate, alikuwa ananukia mkate hata siku za mapumziko, hata akitoka kuoga, akaugua, akalazwa, tukaomba sisi, kanisa likaomba, akafa. Mama kwanza alisema atasoma yeye, kisha akabadili, akasema binti yetu asome, kwa sababu ibada hiyo kwetu huendeshwa kwa lugha mbili na nusu ya waumini hawaelewi lugha ya nusu nyingine, na mimi nimesomeshwa kwa zote mbili, hivyo naweza kusoma mstari kwa hii kisha kwa ile bila kumhitaji mkalimani. Alimwambia mzee wa kanisa, "Huyu ulimi wake una milango miwili," na alivyolisema kwa fahari vile sikuweza kukataa, na ujue, mshauri, mimi ni mtu ambaye darasani huomba ruhusa ya kwenda msalani kwa ishara.

Inabidi nikwambie mama yangu ni mtu wa namna gani, maana ndiye anayenifanya nishindwe kulala. Ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake, ukiingia unakanyaga vipande vya vitambaa na ukikaa bila kutazama unachomwa na pini. Baba alipoanza kukonda, mama alimpima upya na kumkatia shati la buluu, akasema mtu mgonjwa asivae nguo inayomcheka, na baba akafariki shati likiwa halina mikono. Wageni wa msiba walipoondoka nilimkuta mama kwenye cherehani akiunga mikono ile. Nikamuuliza, "Mama, hilo la nani?"

"La baba yako."

"Mama..."

"Mama nini? Leta vifungo."

Nikaleta vifungo. Akayatoboa matundu yake, akayazungushia uzi kwa mkono, moja moja, hana haraka, kama kwamba mwenyewe yuko bafuni anasubiri kulivaa, kisha akalipiga pasi kola na mgongo na kulitundika nyuma ya mlango. Lipo mpaka leo. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake akaliona, akasema, "Shati zuri hilo, fundi, unaliuza?" Mama akasema, "Lina mwenyewe." Mteja akauliza mwenyewe atalifuata lini, na mama akacheka kabisa, mshauri, akacheka na pini ziko mdomoni, akasema, "Hilo muulize aliyemwita." Sijawahi kuona imani kama ile kwa mtu yeyote, hata kwa wahubiri wanaokuja na jasho na vitambaa vya kujifutia. Mama yangu anamwongelea baba kama mtu aliyekwenda kununua uzi. Mimi nilipomgusa mkono kabla hawajafunga jeneza ulikuwa baridi kama sahani, na tangu siku ile kila nikisikia watu wanasema amefufuka, nasi tutafufuka, kuna kitu ndani yangu kinauliza kwa sauti ndogo, hata mkono huu? Siyo kwamba nimekataa. Nasali, naimba, kuna siku naamini kuanzia asubuhi mpaka kwenye chakula cha jioni. Halafu naukumbuka ule mkono, imani yote inanitoka kama maji kwenye kiganja.

Sasa mzee wa kanisa. Sisi vijana tunamwita Mzee Kipaza kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kugusa kipaza sauti isipokuwa yeye, hata mchungaji akitaka kiongezwe sauti humwomba kwa macho. Ni mtu mwema sana na sitaki umfikirie vibaya, baba alipolazwa yeye ndiye aliyekuwa akienda kumnyoa ndevu, na siku ya mazishi alimshikia mama mwavuli huku yeye mwenyewe analowa mpaka viatu vikaanza kulia. Aliniita kwenye kile chumba cha nyuma ya madhabahu kilichojaa nyaya, akanipa karatasi ya somo, imepigwa chapa vizuri kwa lugha zote mbili, na mahali pamoja, katika zote mbili, pamekatwa kwa kalamu nene.

Nikasema, "Mzee, hapa pamefutwa."

"Pamefutwa, ndiyo. Mwaka jana kijana alipafikia hapo akakwama kama gari lililoishiwa mafuta, watu wakaanza kutazamana. Siku ya shangwe ile, binti! Watu wamevaa, wamepiga pasi, wamekuja na furaha zao, halafu wewe uwamwagie shaka kwenye kipaza sauti? Shaka wanazo nyumbani. Hawakutembea mpaka hapa kuzifuata."

"Lakini imeandikwa."

Nilisema hivyo, mshauri. Mimi! Kwa sauti ya mbu, lakini nilisema.

"Imeandikwa, nani kakataa? Anayetaka atafungua asome kwake. Wewe vuka tu. Wakamsujudia, akasema nao. Inateleza yenyewe, hata mtu hatajua kulikuwa na kitu."

Mstari wenyewe ni mfupi, unaujua. Wale kumi na mmoja wanafika mlimani, wanamwona Bwana, wanamsujudia, lakini baadhi yao wanaona shaka. Hicho kipande cha mwisho ndicho kilichokatwa. Nilikwenda nacho nyumbani, nikaiinua karatasi dirishani kwenye mwanga, na maneno yakaonekana chini ya wino, na hapo ndipo mambo yaliponiharibikia, kwa sababu ilikuwa kama mtu ameniita kwa jina langu. Sura yote ile, malaika, jiwe lililovingirishwa, wanawake wanaokimbia kwa hofu na furaha, huwa naisoma kama mtu anayeitazama harusi ya watu kupitia uzio. Lakini pale penye shaka nikakuta kiti changu. Nawapenda wale watu wasiotajwa majina, nawastahi kuliko hata wale walioitwa nguzo. Safari ile ya kwenda mpaka mlimani waliifunga, hakuna aliyewaburuta. Na walikwenda kumi na mmoja, wakati zamani walikuwa kumi na wawili, yaani hata wao walikuwa na pengo kama meza yetu, na bado walikwenda. Wala haijaandikwa kwamba walibaki chini ya mlima kwanza mpaka wamalizane na shaka zao. Walikuwa humohumo katikati ya wanaosujudu, goti chini, shaka moyoni. Mimi sikujua inaruhusiwa.

Na mahali hapo pekee ninapoweza kusimama bila kuona aibu ndipo nilipoambiwa nivuke.

Shuleni, kwa ile lugha ya vitabu, naweza kusema "nina shaka" bila shida, linatoka kama jibu la sayansi. Nyumbani neno hilohilo sithubutu kulitamka, kwa sababu hii ndiyo lugha ambayo mama husali nayo asubuhi akidhani tumelala, na ndiyo lugha ambayo baba alituagia.

Jioni mama huniambia, "Haya, nisomee," naye anakanyaga cherehani polepole ili anisikie. Mdogo wangu hujifanya ndiye mkutano, anakaa juu ya rundo la nguo za watu na kupiga makofi pasipohitaji makofi, "Amina, Bibi Kipaza! Piga neno!" na mama anamwambia, "Wewe, nitakushona huo mdomo." Basi siku ile nikasoma kama nilivyoagizwa, nikafika pale, nikavuka. Cherehani ikasimama.

"Rudia hapo," mama akasema.

Nikarudia.

"Mbona umeruka?"

"Mzee amepafuta, mama."

Akaweka mkono kwenye gurudumu la cherehani, akasema, "Na hao nao wamefutwa," siyo kama mtu anayeuliza. Kisha akakanyaga kwa nguvu, mshono ukaenda kombo, akaufumua wote, na mama yangu hafumui, mshauri, mkono wake haukosei. Nikajua amekasirika, nikajua sauti yangu ilitetemeka pale pa kurukia na yeye akasikia kila kitu kilichomo ndani yangu. Tangu jioni ile hajaniambia tena nimsomee.

Sasa nifanyeje? Nikisema sisomi, nitamwaibisha, maana ameshawaambia wateja wote, hata aliyekuja kupunguziwa suruali ameambiwa. Nikisoma na kuvuka, nitakuwa nimesimama mbele ya watu waliomzika baba yangu nikidanganya kwa lugha mbili. Nikiusoma ule mstari, Mzee Kipaza anaweza kunizimia sauti, swichi iko kwenye kidole chake, na hata asipozima, mama atakuwa amekaa benchi la mbele na atajua kwamba binti yake siye kama yeye. Nilifikiria hata kupoteza sauti kwa makusudi, nikanywa maji ya barafu mpaka meno yakauma, sauti haikwenda popote. Kwa mtu wa kumuuliza huku kwetu sina, sitaki kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Barua hii naiandika kwa vipande, nikisikia hatua naifunika kwa kitabu cha jiografia najifanya nachora mito. Hata sasa cherehani imenyamaza. Nazisikia ndala zake, anaburuta mguu mmoja kidogo kama afanyavyo akiwa ameketi sana, amepita jikoni, anakuja huku. Kitabu kiko karibu na kiwiko changu. Sikivuti. Sijui kwa nini, labda nimechoka, labda nataka mtu aone halafu liwalo na liwe. Ameshika kitasa, mshauri, na karatasi iko wazi mezani, na mimi sijaifunika.

*

JIBU LA MSHAURI

Binti mwenye ulimi wa milango miwili,

Barua yako haina jina wala kwaheri, imekatikia mlangoni. Yaliyotokea kitasa kilipozunguka unayajua wewe. Mimi nina bahasha tu, na bahasha hii nayo ina mdomo wake. Anwani imeandikwa na mkono ambao si wako, herufi kubwa zilizopangwa sawasawa kama mshono. Na nyuma ya ukurasa wako wa mwisho, kwa penseli butu, kuna maneno ambayo huenda hukuonyeshwa. Nayaweka hapa kama yalivyo: "Mshauri, mjibu kabla ya Pasaka. Na mimi nasubiri jibu."

Na yeye anasubiri jibu. Lisome hilo tena kabla hujaendelea.

Kwa hiyo leo nina watu wawili wa kujibu, na nitaanza na wewe kwa sababu wewe ndiwe unayestahili kukaripiwa. Umeandika kurasa na kurasa kuhusu mama yako, na hakuna mahali umeandika kwamba ulimuuliza kitu kinachomhusu yeye. Unasema alikasirika. Nani kakwambia? Mshono kwenda kombo ndiyo hasira? Rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Cherehani inalia, mdogo wako anapiga makofi, wewe unasoma sura nzima kwa lugha mbili, unaruka maneno machache tu, na yeye anasikia kwamba hayapo. Binti, mtu hasikii kukosekana kwa kitu asichokitegemea. Ukiingia kwa watu wakawa wameondoa kiti kimoja, wewe mgeni huoni. Anayeona ni yule aliyezoea kukikalia.

Sasa unaelewa alichosema? "Na hao nao wamefutwa." Hakuwa anakusema wewe.

Nimependa unavyomstahi mama yako. Watoto wa kumtazama mzazi kwa macho hayo hawajai kiganja, na shati lile nami limenikaa rohoni. Lakini umemstahi mpaka umemtundika nyuma ya mlango pamoja na hilo shati, amenyooshwa, hana mkunjo, hagusiki. Ulimwona anazungushia uzi matundu ya vifungo ukasema huyu ana hakika. Inawezekana. Ila mimi nimeishi kiasi cha kujua kwamba anayeshona kwa sababu ana hakika hana haraka, na anayeshona ili aipate hakika naye hana haraka, na kwa mbali mikono yao inafanana kabisa. Ungekaa karibu ungeona. Amekuwa peke yake kwenye kile chumba cha mbele, na wewe peke yako chumbani kwako na jiografia yako, kila mmoja anamlinda mwenzake asijue jambo ambalo wote mnalo. Mtamaliza lini kulindana?

La pili. Unajihukumu kama mtu asiyeiamini habari ya ufufuo, halafu barua nzima unaniambia huna hakika. Hayo ni mambo mawili, usiyatie kwenye mfuko mmoja. Asiyeamini haumwi meno kwa maji ya barafu kwa ajili ya mstari mmoja. Asiyejali angesoma chochote atakachopewa, akarudi zake nyumbani akala akalala. Wewe unagombana na kifungu hicho kama mtu anayegombana na wa kwao.

La tatu, na hapa nakuonea wivu kidogo kwa jinsi ulivyosoma vizuri, na nakukasirikia kwa jinsi ulivyoishia njiani. Uliwaona wale wasiotajwa majina, ukaona goti chini na shaka moyoni. Sawasawa, hapo wahubiri wengi hupita mbio. Lakini kwa kuwa ulishapata kiti chako, ukakaa, hukutazama mbele. Kinachofuata ni nini? Bwana anawasogelea. Mimi si mchungaji, sivai joho, lakini nimekisoma kifungu hicho tangu kabla hujazaliwa na sijaona mahali aliposema wenye shaka wasimame kando kwanza tuzungumze na wenye hakika. Anawakaribia wote pamoja, anasema nao wote pamoja, na kazi ile kubwa ya kwenda kwa mataifa yote anawapa wote, wakiwemo wale ambao moyo wao ulikuwa bado haujatulia. Hakusubiri watulie. Mzee wenu anadhani ameziba shimo ili watu wasijikwae, kumbe ameondoa ngazi. Wakamsujudia, akasema nao, inateleza kweli. Ila hujui tena ni nani aliyesogelewa, na kwa nini alihitaji kusogelewa.

Basi fanya hivi. Leo, siyo kesho, kaa na mama yako akiwa hajakalia cherehani, maana fundi akiwa kwenye kazi yake ana mahali pa kujificha. Muulize swali moja tu: "Mama, ule mstari wewe huusoma vipi?" Halafu unyamaze. Kunyamaza unakuweza, umeniambia mwenyewe. Akilia, mwache alie. Akicheka, cheka naye. Mdogo wako mpeni kazi ya nje.

Baadaye mwende wawili kwa Mzee Kipaza, mchana, kwa adabu, kabla ya ibada. Sitaki kusikia kwamba ulimgeuzia kibao mbele ya watu. Mwanamume aliyemnyoa baba yako ndevu kitandani haviziwi madhabahuni, hata kama amekosea, na amekosea kwa sababu anawapenda watu wake na anataka siku moja katika mwaka wasiumie. Mwambieni hivyo, kwamba mmeiona nia yake. Kisha mwambieni hili: desturi ya kanisa lenu ni kuwapa somo hilo waliofiwa. Aliyeianzisha hakuwa mjinga. Angetaka lisomwe na wasio na shaka angewapa wanakwaya. Alijua atakayesimama pale atakuwa na udongo wa kaburi kwenye viatu, na akasema huyo ndiye asome. Kwa hiyo mzee, sisi ndio tuliozika, tuachie somo letu likiwa zima. Na umkumbushe habari ya kijana wa mwaka jana. Pengine watu hawakutazamana kwa kushtuka. Pengine kila mmoja alikuwa anatazama kama na mwenzake amesikia.

Sidhani atakataa. Akikataa, nendeni kwa mchungaji. Na huyo naye akikataa, basi rudisha karatasi kwa heshima, apewe mwingine, wewe kaa benchi la mbele na mama yako, sikilizeni, na mkifika nyumbani mfungue wenyewe mlisome lote. Hutakuwa umekosa imani wala adabu. Lakini kusimama kusoma kitu ambacho umetolewa ndani yake, hilo sikuruhusu.

Wateja wasikusumbue. Aliyekuja kupunguziwa suruali atakumbuka suruali.

Na wewe mama uliyeandika kwa penseli: nimekujibu humo humo, ukitafuta utaona. Naongeza moja tu. Ulisema utasoma wewe, ukabadili. Nadhani najua ni mstari gani uliokubadilisha. Ulimpa binti yako kitu ambacho hukuweza kukitamka, naye amekibeba mpaka gazetini. Mshukuru. Halafu, kama miguu itakubali, simama naye, yeye asome kwa lugha ya shule na wewe kwa hii ya nyumbani.

Siku yenyewe, binti, msiigize wahubiri. Someni polepole, kitabu kiwe chini kidogo ili watu waone nyuso zenu. Mkifika pale pa wale walioona shaka msikimbie na msishushe sauti. Tamkeni lote, vuteni pumzi, ndipo mseme kwamba akawasogelea. Kwenye mabenchi ya nyuma tumekaa wengi, tumevaa na tumepiga pasi, na miaka yote tunangojea mtu aufikishe mstari huo mpaka huku.